Whey au hizi protini mpya?

chuma_mkononi: Wakuu, whey (unga wa protini ya maziwa) inanijaza gesi tumboni balaa, sasa naona kuna ya njegere, kuna kolajeni (protini ya ngozi na mifupa ya wanyama), na kuna hii wanasema inatengenezwa na vijidudu bila ng'ombe. Ipi inajenga msuli kweli?

dada_skwati: Pole mkuu, huenda ni laktosi hiyo, ile sukari ya maziwa. Kabla hujahama jaribu whey aizoleti, laktosi karibu yote imeshatolewa. Ya njegere nayo iko poa, lusini yake (asidi amino inayoamsha ujenzi wa msuli) kama asilimia 8 hivi ya protini wakati whey inafika 10 au 11, kwa hiyo unaongeza unga kidogo tu mambo yanaenda, ila ule mchangamchanga kooni utauzoea taratibu 😂

mzee_wa_dambeli: Kolajeni kwa msuli achana nayo, triptofani, asidi amino ambayo mwili lazima uipate kwenye chakula, haina kabisa. Mambo ya ngozi sijui.

dada_skwati: Na hiyo ya vijidudu, protini yake ni ileile ya maziwa, laktosi haina sawa, lakini mwenye aleji ya maziwa asiiguse.

chuma_mkononi: Aleji sina, tumbo tu ndo linasumbua. Naanza na aizoleti basi.