Burns Night nyumbani, haggis naifanyaje?

mama_wawili: Jamani mlioko Scotland, tarehe 25 Januari mume wangu anataka tufanye Burns Night, ile sherehe ya kumkumbuka mshairi wao Robert Burns, hapahapa nyumbani, kwao ndo desturi, sasa haggis, ile nyama yao ya ndani ya kondoo, nimenunua ila sijui hata pa kuanzia, nachemsha au? Na pombe mie sinywi

kaka_glasgow: Dada usihofu ya dukani ishaiva, unapasha tu. Izungushie foili uweke kwenye maji ya moto ila yasitokote sana, itapasuka uanze kuchota kwa upawa 😂 Pembeni viazi vya kuponda na ile tanipu ya njano (mboga ya mizizi), siagi usibanie. Badala ya wiski weka soda yao ya Irn-Bru

shangazi_K: Si ni mutura (soseji ya matumbo) tu ya kondoo, moyo, maini, mapafu, oti na vitunguu. Ila kabla ya kula lazima mtu asome shairi la Robert Burns la kuisifu haggis, akifika pale shairi linapotaja kisu anaichoma hapo hapo, watoto wangu hungoja hiyo tu. Kama unakula halali tu, ya mboga iko

mama_wawili: Asanteni 🙏 shairi atasoma mwenyewe, Kiskoti chake siambulii hata neno