Montgomery College: nianzie kampasi ipi?

Kutoka: mgeni wa Gaithersburg

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nimehamia kwa dada yangu Gaithersburg, natokea Mwanza. Nina cheti cha kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na kwa sasa napiga shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nia yangu ni uuguzi. Wengine wananielekeza Montgomery College, chuo cha jamii cha kaunti hii ya Montgomery chenye shahada za miaka miwili, wengine wanasema kile ni cha walioshindwa na shahada yake haimfikishi mtu popote. Halafu nasikia kina kampasi tatu. Germantown ndiyo iliyo karibu nami, na nimeona ina hospitali kabisa, kwa hiyo nadhani uuguzi uko huko. Naombeni mwongozo kabla sijajaza fomu.

Kutoka: mama wa Silver Spring

Marahaba mwanangu, karibu Maryland.

Hayo maneno ya "chuo cha walioshindwa" yaache hapo ulipoyasikia. Nimeona vijana wetu wengi wakikaa miaka wakibeba boksi kwa kuona aibu ya kuingia chuo hicho, huku wakingoja fedha za chuo kikuu ambazo haziji. Inaniuma kila nikikumbuka.

Montgomery College kilianza Septemba 1946, vita vimetoka tu kwisha. Hakikuwa na jengo. Kiliazima madarasa ya sekondari ya Bethesda-Chevy Chase na kufundisha jioni, watoto wa shule wakishaondoka. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa askari waliorudi vitani, serikali ikiwalipia masomo. Kwa hiyo mtu anayetoka kazini amechoka na kwenda darasani si mgeni pale. Ni watu wa namna hiyo waliokifanya kianzishwe. Mwaka 1950 kikanunua Takoma Park majengo ya Bliss, shule ya mafundi umeme, na hapo ndipo kilipopata kwao.

Kuna upande mwingine ambao sisi Waafrika hatupaswi kupita bila kuutazama. Wakati huo chuo kile kilikuwa cha Wazungu. Weusi wa kaunti hii walitengewa Carver, sekondari na chuo chini ya paa moja, mjini Rockville. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Brown mwaka 1954 na kuufuta ubaguzi mashuleni, mpaka huo ukaanza kuvunjwa. Jengo la Carver bado limesimama Hungerford Drive, karibu mno na kampasi ya Rockville, na jina lake liko pale pale. Ukienda Rockville, simama ulitazame. Kuna waliotembea mbali ili wewe ujaze fomu leo bila kuulizwa rangi yako.

Sasa kampasi. Rockville ilifunguliwa 1965 na ndiyo kubwa kuliko zote. Karakana za magari na masomo ya ujenzi viko huko, nawaambia kaka zenu wanaopenda kazi za mikono. Germantown ilifuata 1978, na sifa yake ni bayoteknolojia na usalama wa mitandao. Hospitali uliyoiona ni Holy Cross Germantown, iliyofunguliwa 2014 ndani ya eneo la chuo, ya kwanza Marekani kujengwa kwenye kampasi ya chuo cha jamii. Ndiyo maana wengi hudhani kama ulivyodhani. Lakini uuguzi uko Takoma Park/Silver Spring, kwenye jengo la sayansi za afya, upande wa Georgia Avenue.

Kampasi ile imepasuliwa katikati na reli. Takoma Park upande huu, Silver Spring upande ule, na daraja la waenda kwa miguu juu yake. Utakuwa unavuka na vitabu mkononi huku treni za mizigo na za Red Line, metro ya Washington, zikikatiza chini yako. Ni mwendo mfupi kutoka kituo cha Silver Spring, kwa hiyo gari si lazima.

Hata hivyo usikimbilie huku kwetu mara moja. Uuguzi una maombi yake ya peke yake, na nafasi zake zinagombaniwa. Kwanza unaingia chuoni kama mwanafunzi wa kawaida, unasoma masomo ya awali (baiolojia, mwili wa binadamu, Kiingereza, hisabati), kisha alama zako ndizo zinazokuombea. Hayo ya awali yasome Germantown, karibu na kitanda chako, maana shifti za usiku si mchezo. Ukikubaliwa uuguzi ndipo uhamie huku. Ukimaliza unastahili kufanya mtihani wa leseni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, na shahada ya kwanza unaiendeleza ukiwa tayari unalipwa kama muuguzi. Anayesema haifiki popote hajauliza.

Kwenye ada kuwa macho. Kuna viwango vitatu: mkazi wa kaunti, mkazi wa Maryland, na wa nje ya jimbo. Tofauti yake ni kubwa. Ili uhesabiwe mkazi wa kaunti unatakiwa uwe umeishi humu angalau miezi 3 kabla ya masomo kuanza, na uwe na ushahidi. Kama mkataba wa pango una jina la dada yako peke yake, anza sasa kuwa na karatasi zenye jina lako: kitambulisho cha Maryland, barua za benki, kodi ya mapato. Mwenye viza ya masomo hesabu yake ni nyingine. Na kwa waliosoma sekondari hapa bila makaratasi, sheria iliyopitishwa kwa kura mwaka 2012 inawafungulia mlango wa ada nafuu, na mlango huo huanzia chuo cha jamii. Mwambieni kila mzazi.

Kutoka: mgeni wa Gaithersburg

Asante sana mama, umenifumbua macho. Je, SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vikuu, inahitajika? Na PCB yangu itanirusha baiolojia?

Kutoka: kaka wa Wheaton

Habari dada. SAT haihitajiki, chuo kinampokea aliyemaliza sekondari. Ila utapangiwa ngazi ya Kiingereza na hisabati. Ukiwekwa kwenye Kiingereza cha wageni usikasirike. Uandishi wa insha wa huku una taratibu zake, na ripoti za hospitali zinataka kalamu nzuri.

PCB itakurahisishia kuelewa, lakini usihesabu kwamba imekuvusha somo mpaka chuo kikuandikie. Na ukienda kujisajili, uliza kila somo kama lina krediti. Chuo kina kozi fupi zisizo na krediti, nzuri kwa kupata kazi haraka, ila hazihesabiki kwenye shahada. Jaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za masomo, mapema ikiwa una kadi ya kijani, na muone mshauri wa masomo kabla ya kulipa chochote.