Nyumba ndogo ya kuuza Goma, parsele ya mita 10 kwa 20: pesa iende wapi kwanza?

Parsele_Ndosho

Wandugu, hamjambo. Nina parsele (kiwanja) ya mita 10 kwa 20 huku Ndosho, juu ya mawe ya volkano. Nataka kujenga nyumba moja ya vyumba viwili niiuze. Ninayemlenga ni familia changa inayochoka kupanga. Nimechorewa plani ya mita 9 kwa 8 yenye korido katikati, na naona itakula simenti yote. Nipunguze wapi bila nyumba kuonekana ya ovyo? Tena nijenge kwa mbao, nusu bloki nusu mbao, au bloki tupu?

Mchora_Plani

Ndugu, anza kwa kuiondoa korido. Korido ya mita 1 kwa 7 ni mita 7 za mraba unazozijengea ukuta, sakafu na bati, na hakuna anayelala wala kukaa humo.

Chukua mita 8 kwa 6, upande wa 8 ukitazama barabara. Kulia weka vyumba viwili, kila kimoja mita 3 kwa 2.77: kitanda cha 1.60 kinaingia, kabati la sentimita 60 linaingia, na njia ya sentimita 80 inabaki. Kushoto mbele, sebule ya 4.55 kwa 3.90. Nyuma yake jiko la 2.60 kwa 1.65 na bafu la 1.80 kwa 1.65, bafu likiwa upande wa vyumba. Hiyo 3.90 usiipunguze hata kidogo. Ndiyo inayoacha karibu mita 1 ya ukuta kati ya sebule na chumba cha nyuma, mahali pa mlango wa sentimita 80. Ukiikata iwe 3.50, mlango unakosa nafasi na korido inarudi.

Ukuta kati ya jiko na bafu ubebe mabomba yote. Mlango wa bafu uwe kwenye kona ya sebule, mgeni akiingia asiuone moja kwa moja.

Bati: mgongo wa paa ufuate urefu wa mita 8, maji yashuke mbele na nyuma ndani ya parsele yako, yasimwagike kwa jirani. Bati likifunika sentimita 76 baada ya kulaliana, upenu wa sentimita 55 kila upande unakupa mita 9.10, yaani mistari 12. Ukiweka upenu wa 60 unalazimika kununua mstari wa 13 na kukata karibu wote. Kwa mteremko wa digrii 15, bati mbili za mita 2 zikilaliana sentimita 20 zinatosha kila upande: jumla 48, bila kuhesabu kofia za mgongo wa paa. Pima kwanza bati la duka lako, maana upana unatofautiana.

Masoni_wa_Katindo

Plani ni nzuri. Mimi naongeza ya chini.

Usichimbe msingi kabla ya kugonga mwamba. Chukua mtaimbo, gonga kila nusu mita kwenye mstari wa kuta. Mwamba mzima unalia kwa ukali na mtaimbo unaruka mkononi; penye uwazi sauti inakuwa nzito kama ya pipa tupu. Lava ikipoa huacha mapango chini ya ganda, na ukuta ukikaa juu ya ganda jembamba utapasuka baadaye hata kama simenti ilikuwa ya kutosha. Vunja ganda hilo, jaza mawe na zege. Penye mwamba mzima huna haja ya kwenda chini sana: safisha vumbi na mawe yaliyolegea, osha, kisha anza kujenga.

Kuhusu mbao: nyumba ya mbao ni nyepesi, inavumilia tetemeko, na inafunguliwa ikahamishwa. Lakini moto unaichukua haraka pamoja na za majirani, na mnunuzi anayelipa kwa mara moja anataka bloki. Nusu kwa nusu, yaani mawe mpaka mita 1 kisha mbao, inafaa kama unauza kwa bei ya chini kabisa.

Ukienda na bloki, shenaji usiiache, yaani mkanda wa zege na chuma unaofunga kuta pamoja. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021 ilipasua kuta nyingi hapa mjini. Mkanda wa sentimita 15 kwa 20 juu ya kuta zote, za ndani pia, ni kama mita 42: vyuma vinne vya milimita 10, pete za milimita 6 kila sentimita 20, kulaliana sentimita 50 kwenye viungo na kukunja kwenye kona. Ni kama vyuma 16 vya mita 12 na mifuko 9 ya simenti ya kilo 50. Wengi wanakata chuma kwenye kona bila kukunja, na hapo ndipo nyumba inapoachana.

Shimo la choo ndilo litakuchelewesha, maana unapasua mwamba. Lipange siku ya kwanza, upande ambao gari la kunyonya linafika. Lipige plasta ndani. Lava ina nyufa, uchafu unapita upesi kwenda chini. Na mtu asishuke shimoni asubuhi bila upepo. Mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ni mazito kuliko hewa, yanakaa shimoni. Shusha kwanza mshumaa unaowaka; ukizimika, usishuke. Usipozimika, bado si ruhusa: acha shimo lipigwe upepo, mtu wa pili abaki juu na kamba.

Mama_Komisionere

Naona mmesahau mnunuzi. Akiingia anatazama dari kama ina alama za maji, anafungua robine (bomba la maji), anauliza karatasi. Rangi ya ukuta inakuja baadaye.

Jiko hilo la 1.65 ni dogo, na watu wengi wanapika kwa makala (makaa). Mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba hicho ni moshi na sumu. Fanya mlango wa nyuma, na paa lipite mita 1.20 hapo uwe na baraza ya kupikia. Bila baraza, mwanamke wa nyumba atakataa kabla mume hajauliza bei.

Karatasi: uwe na kibali cha kujenga, na mipaka iliyopimwa na kadastri, ofisi ya kupima ardhi. Anayenunua kwa pesa nyingi anataka sertifika, yaani hati ya kumiliki, kwa jina la muuzaji. Ukiwa na fishi tu, karatasi ya parsele isiyo hati kamili, bei inashuka hata nyumba ikiwa safi.

Mchora_Plani

Mama ana haki kuhusu baraza. Basi ongeza kipande cha bati upande wa jiko tu, kiwe paa la chini linalojitegemea chini ya upenu, ile hesabu ya 48 isiguswe.

Bati lenyewe: moshi wa Nyiragongo ukishuka na mvua una asidi, unakula zinki kuanzia kwenye misumari na kingo zilizokatwa. Chukua geji 28 (namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene), au bati lenye rangi ya kiwandani. Geji 32 ni nyembamba mno kwa mji huu. Maji ya paa ni ya kufua na choo. Yanaweza kuwa na floridi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi. Paa hili lina kama mita 64 za mraba. Mvua ya milimita 20 inajaza tangi la lita 1,000.

Parsele_Ndosho

Asanteni sana. Na chumba cha nyuma kikitaka kupanuliwa baadaye?

Masoni_wa_Katindo

Dirisha lake liweke ukuta wa nyuma, na lento yake, boriti ya zege juu ya dirisha, iwe na upana wa mlango. Atakayenunua atavunja bloki za chini ya dirisha tu. Una karibu mita 9 nyuma, nyumba ikikaa mita 5 kutoka barabarani. Mwonyeshe hiyo lento siku anapokuja kuangalia.