Siku tatu za Desemba hapa Jiangxi: Wucheng, Wuxing, Nanji au Wuyuan?

chiriku_nanchang
Wakuu habari zenu. Nipo chuo mwaka wa pili Nanchang, mji mkuu wa mkoa wa Jiangxi huku China, nna siku tatu tu za kwenda kuangalia ndege mwisho wa Desemba kabla ya mitihani, nna darubini ya 8x42, ya kukuza mara nane tu, na hela ya mwanafunzi. Nimesoma weee nikabaki na sehemu nne: Wucheng kule ziwa Poyang, mashamba ya Wuxing hapa hapa nje ya jiji, Nanji kusini mwa ziwa hilo hilo, na Wuyuan milimani. Ninachokitaka kuliko vyote ni baihe, korongo mweupe wa Siberia, manake karibu wote waliobaki duniani wanakuja kumalizia baridi hapa Poyang, na mimi naishi mkoa huu huu sijawahi kumtia machoni, inaniuma kwakweli. Na yule ndege mdogo wa Wuyuan, zaomei wa utosi wa bluu, nae namtamani. Mngekuwa nyie mngeenda wapi?

mzee_wa_mabwawa
Mdogo wangu karibu. Kwanza zaomei mtoe kwenye hesabu za Desemba. Yule ni wa kuanzia mwisho wa Aprili mpaka Juni hivi, ndo wanakuja kujenga viota kwenye miti mikubwa ya vijiji vya Wuyuan, wakishalea wanatawanyika na kuwapata ni shida. Ni ndege ambao watu walishadhani wamepotea kabisa mpaka wakaonekana tena hapo Wuyuan mwaka 2000, na porini wapo mia chache tu, kwa hiyo ukienda nenda kwa wakati wake.

Kwa baihe mimi nasema Wuxing bila kusita. Yale ni mashamba ya yungiyungi, wachina wanakula mizizi yake, na kuna madimbwi watu wa uhifadhi waliyakodi ili mizizi isivunwe waachiwe korongo. Ndege wanakuwa karibu kiasi kwamba kwa 8x42 yako unaona ule uso mwekundu usio na manyoya na tope lililoganda mdomoni, unamuona anazamisha kichwa mpaka machoni, anavuta, anatoka na kipande cha mzizi. Wucheng bila teleskopu utaona vidoti vyeupe.

korongo_taji
Mzee nakuheshimu ila hapo tutofautiane kidogo. Wuxing ni pazuri sawa lakini korongo wako pale kwa sababu ziwa lilishindwa kuwalisha, na mtu anayewapenda hawa ndege bora akaone ziwa lenyewe linavyofanya kazi. Poyang inapokea mito mitano, Gan, Fu, Xin, Rao na Xiu, halafu inamwaga mto Yangtze pale Hukou, kiangazi cha huku, ambacho ndo cha mvua, inafura inapita kilomita za mraba 3,000 mpaka barabara ya kwenda Wucheng inazama, baridi inanywea yanabaki maziwa madogo madogo kama Dahuchi na Shahu yaliyozungukwa na tope na majani mabichi. Baihe anaishi kwa hiyo kupungua. Chakula chake ni viazi vidogo vya majani yanayoota chini ya maji, na ili avichimbe maji yasimpite miguu. Mafuriko ya 2010 yaliua yale majani ndo wakaanza kuonekana nchi kavu na mashambani, na 2022 ukawa ukame wa ajabu, maji yalishaondoka tangu Agosti, viazi vikabaki kwenye udongo mkavu, korongo akifika Novemba hachimbi kitu. Kwa hiyo kabla hujaenda Wucheng ulizia kina cha maji kwanza, hiyo ndo siri yote.

Mwaka ambao maji yako sawa, jamani. Asubuhi ukungu unaanza kuinuka unasikia kabla hujaona, sauti laini kama filimbi, tofauti kabisa na kelele ya korongo wengine, halafu wanaruka na pale ndo unagundua ncha za mabawa ni nyeusi tii, akiwa amesimama zimefichwa zote unadhani ni mweupe mzima. Pembeni bata bukini maelfu, batamaji, domomwiko. Hiyo huipati kwenye dimbwi la yungiyungi.

MkayaWaKilifi
Nami niseme la Wuyuan maana naona mwaipita haraka. Hata Desemba hukosi kitu, kuna bata mandarini kwenye ziwa lao, na kwenye mito ya maji safi utafute qiushaya, bata mwembamba mwenye mdomo mwekundu, kishungi kimechanika nyuma ya kichwa, na ubavuni amechorwa magamba kama ya samaki. Huyo nae ni adimu.

Lakini kilichonishika mimi ni ile misitu. Kila kijiji cha zamani kina msitu wake mdogo, mikafuri ya miaka mingi, hukati mti kwa sababu ndio unaolinda kijiji na bahati yake. Mimi nimekulia karibu na kaya za Mijikenda, ile misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, nilipoingia chini ya ile miti nikasimama tu, ni kitu kile kile, wazee walikataza na ndege akapona. Zaomei anataga hapo hapo juu ya vichwa vya watu, kina mama wanafua mtoni yeye analisha makinda. Rudi Mei ndugu yangu, na usisogelee viota.

tausi77
Nanji ni pana na pazuri ila bila usafiri wako siku inaishia njiani, kwa siku tatu iache. Kuna na milima ya Wuyi upande wa huku Jiangxi, kuna kwale wakubwa wa ajabu, lakini ile ni hifadhi inataka kibali na mtu wa kukuongoza, sio safari ya kukurupuka.

Kitu kingine popote utakapokwenda, ukiona mtu anarusha droni juu ya ndege mwambie ashushe. Nilikuwa kwenye tuta mwaka juzi mmoja akarusha apate picha, korongo wote wakainuka, hawakurudi tena asubuhi ile. Ndege amesafiri kutoka Yakutia, kule Siberia, kilomita kama 5,000, kila dakika ya kula ina maana kwake. Iliniuma sana.

chiriku_nanchang
Nimewasikia wote. Siku ya kwanza Wuxing, halafu Wucheng siku mbili nilale huko huko, kuna mwanafunzi mwenzangu wa kichina ana teleskopu atanisindikiza na ameshaulizia maji, yapo. Wuyuan Mei.

chiriku_nanchang
Wakuu nimerudi. Wuxing nilikaa masaa manne mbele ya familia moja ya korongo, baba mama na mtoto. Mtoto bado ana rangi ya mdalasini shingoni na mgongoni, mama anachimba, akipata anaweka mdomoni mwa mtoto, mtoto nae anachovya mdomo tope anatoka bure, anarudi kulia kwa mama. Mikono ilikufa ganzi sikuthubutu kuondoka. Wucheng siku ya kwanza ukungu mtupu tulisikia zile filimbi tu mpaka saa tano, ya pili ukainuka. @korongo_taji nimeziona ncha nyeusi. Sasa @MkayaWaKilifi, kwa Mei kijiji gani nianzie?

MkayaWaKilifi
Anzia Shimen, pale Yueliangwan. Fika alfajiri, kaa upande wa mtoni, na utulie.