Mrejesho: ombi la hela ya utafiti wa majaribio kuhusu sigara

Habari zenu wakuu, ni mimi niliyeomba ushauri wa kupata hela ya utafiti mdogo wa majaribio, ule wa kusaidia watu kuacha sigara kwa meseji za simu. Asanteni sana aisee. Nilifuata ushauri wa kupunguza maswali nikabaki na moja tu, je watu watajiunga na kubaki hadi mwisho, maana utafiti mdogo wa majaribio kama huu (pailoti) hauna watu wa kutosha kuthibitisha kwamba meseji zinaachisha sigara, na waliopitia ombi walilisifia hilo. Na uliyesisitiza tutamke wazi hatuna hata senti ya kampuni za tumbaku, ubarikiwe, fomu iliuliza hilo mwanzoni kabisa na kutaja Ibara ya 5.3 ya mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ibara inayotaka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya kampuni hizo.

Hela imetoka ila sio yote. Kipimo cha kotinini (kemikali ambayo mwili hutengeneza kutokana na nikotini) kwenye mate wafadhili wamekikata, eti anayetumia plasta za nikotini za kusaidia kuacha sigara ataonekana bado anavuta, kwahiyo tutatumia kifaa cha kupuliza kinachopima kaboni monoksaidi, gesi ya moshi wa sigara, kwenye pumzi. Hoja yao ni ya kweli ila inaniuma, hicho kinakamata uvutaji wa karibu siku moja tu wakati kotinini inakaa siku kadhaa. Sasa hivi tunasubiri kibali cha maadili tuanze.