Naomba ushauri: kutoa koili za Essure bila kuacha vipande

Wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kutoa Essure, zile koili (springi ndogo za chuma) zinazowekwa ndani ya mirija ya uzazi ili kufunga uzazi, ambazo mauzo yake Marekani yalikoma mwishoni mwa 2018. Kila moja ina sentimita 4 hivi: nje nikeli na titani, ndani chuma cha pua na nyuzi za poliesta zinazochochea kovu hadi mrija uzibe. Kovu hilo ndilo shida. Ukivuta kwa nguvu, koili inanyooka, inakatika, na kipande kinabaki kwenye kona ya mfuko wa uzazi. Je, mnachana mrija kwanza au mnautoa mzima na koili yake? Na eksirei mnapiga kabla ya kufunga tumbo, hasa kwa mwenye mzio wa nikeli?