Supu ya kuku yenye tambi za kukata nyumbani na mboga: naomba ushauri

Binti_Moshi: Habari wakuu. Nataka kupika supu ya kuku yenye mboga na tambi za kusukuma mwenyewe, ya watu 6. Kuku ni wa mayai aliyeacha kutaga, kama kilo 1.5. Shida ni mbili: mchuzi hugeuka mweupe kama maji ya wali, na tambi huvimba hadi kumeguka. Tatizo ni nini?

Mzee_wa_Supu: Tuanze na mchuzi. Kuku huyo ana ladha kuliko wa nyama, ila anataka muda. Mkate vipande, mtie kwenye maji ya baridi lita 3, moto wa wastani. Povu la kijivu likipanda, liengue lote kabla ya kuongeza kitu kingine. Kisha punguza moto hadi vionekane viputo vichache tu pembeni, mfuniko uache wazi kidogo, saa 2 na nusu hadi 3. Ukitokota kwa nguvu, mafuta hupigwa na kuchanganyika na maji; huo ndio weupe wenyewe, na hautoki kwa kuchuja. Ukipata miguu 4 ya kuku, ongeza, mchuzi utakuwa na uzito mzuri. Kitunguu, tangawizi na punje 10 za pilipili manga viingie saa ya mwisho. Chumvi ije mwisho kabisa, maana lita 3 zitabaki kama 2.

Jiko_la_Tanga: Tambi: unga wa ngano gramu 200, mayai 2 makubwa (ya kienyeji ni madogo, weka 3), chumvi nusu kijiko cha chai. Soma pakiti vizuri dada, unga uliokwisha tiwa beking pauda ndio unaovimbisha na kumegua tambi. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Kanda dakika 10, funika nusu saa, la sivyo litajirudi kila ukisukuma. Unene milimita 1 hadi 2. Nyunyizia unga, kunja, kata, tawanya zikauke dakika 15. Chemsha kwenye maji ya chumvi, sufuria yake, dakika 3.

Binti_Moshi: Zikiivia ndani ya mchuzi si zitapata ladha zaidi?

Jiko_la_Tanga: Zitapata, lakini ule unga ulionyunyiziwa utafanya mchuzi uwe kama uji. Zitoe kwenye maji baada ya dakika 2, halafu zimalizie dakika 1 ndani ya mchuzi unaoliwa muda huo huo.

Mama_Nuru: Mboga msizichemshe na kuku, zinakuwa hazina ladha wala rangi. Chuja mchuzi, engua mafuta ya juu, urudishe motoni: karoti 2 dakika 10, kabichi iliyokatwa nyembamba dakika 4, nyama uliyoichambua ipate moto, giligilani ukishaepua. Mwenye haraka atumie presha, dakika 45.

Mzee_wa_Supu: Presha sawa, ila mwache mvuke utoke wenyewe. Ukiuachia ghafla, mchuzi unachemka kwa fujo ndani na unarudi kuwa mweupe.

Binti_Moshi: Na kiporo?

Mzee_wa_Supu: Tambi chombo chake, mchuzi chake, friji siku 3. Mchuzi ukiganda kama jeli usiumwage, haujaharibika. Ni ile miguu imefanya kazi. Upashe tu.